SOMO LA MAKATIBU: Pikipiki Iliyolala Ghalani



Yeyote aliyewahi kukagua vyama vya msingi vya ukanda wetu, tangu Bungu na Kibiti hadi vijiji vya delta, ameukuta mstari huu katika daftari la mali: "Pikipiki moja, mbovu." Mwaka unaofuata mstari ni ule ule, na mwaka wa tatu pia. Namba haikuandikwa, thamani haikuandikwa, na ukiuliza imetoka wapi Katibu hukuonyesha kwa kidole pembe ya ghala, nyuma ya magunia matupu, ambako kuku anaatamia juu ya kiti chake.

Msimu wa korosho unapokaribia, wazo huzaliwa kikaoni. Kwa nini chama kikodi bodaboda kila siku kupeleka hati ghala kuu, kufuata taarifa za mnada na kwenda benki, hali kina chombo chake? Wajumbe hukubaliana, na fundi huitwa. Hapo ndipo kosa linapoanza, na somo hili ni juu ya kosa hilo. Katika kazi ya kuirudisha pikipiki ya zamani barabarani, fundi ni mtu wa mwisho kuitwa.

Nitaeleza habari ya chama kimoja nilichokikagua, kilichoko ukingoni mwa delta. Jina lake sina haja ya kulitaja, maana viongozi wake hawakuiba kitu. Walitanguliza la nyuma mbele tu. Chama hicho kilikuwa na Yamaha AG100, ile pikipiki ya shamba iliyopendwa sana na miradi, yenye keria mbele na nyuma na mnyororo uliofunikwa usiingiwe na mchanga. Ilikuwa imelala miaka mingi. Bodi (ambayo wazee wetu bado huiita Kamati) iliidhinisha shilingi 650,000 kwa ajili ya pistoni na ringi zake, kabureta, tairi mbili, betri na ujira wa fundi. Fundi alikuwa hodari. Pikipiki ikawaka.

Katibu akaipanda kwenda Kibiti mjini. Alipoingia barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi, askari wa usalama barabarani wakamsimamisha. Haikuwa na kibao cha namba, haikuwa na kadi, haikuwa na bima. Katibu akasema kweli tupu: "Hii ni mali ya chama." Askari akamwuliza swali ambalo kikaoni hakuna aliyeliuliza: "Nani anasema?" Pikipiki ikabaki kituoni, naye akarudi kijijini kwa bodaboda ya kukodi.

Katika Mkutano Mkuu uliofuata, mama mmoja mkulima alisimama akauliza ni kilo ngapi za korosho zinazotoa shilingi 650,000 za ushuru wa chama. Mhasibu akapiga hesabu hapo hapo kwa kiwango cha ushuru cha msimu ule. Jibu lilikuwa zaidi ya tani kumi. Mkutano ulinyamaza kwa muda, na mimi niliyekuwa nimeketi pembeni na mafaili yangu nilinyamaza pamoja nao.

Tukianza pale pale walipopaswa kuanza wao, kabla ya kugusa spana, Katibu na mjumbe mmoja wa Bodi waitoe pikipiki nje na kuisoma. Ndiyo, kuisoma. Pikipiki hubeba namba mbili zilizopigwa chuma kiwandani: namba ya chasisi, ambayo kwa kawaida iko shingoni mwa fremu, pale usukani unapozungukia, na namba ya injini, iliyo ubavuni mwa injini yenyewe. Kwetu hewa ya chumvi hula chuma, na pikipiki iliyovushwa mara kwa mara kwa mashua hadi Nyamisati huwa imeonja maji ya bahari. Namba ikifichwa na kutu, ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na brashi laini, kisha weka karatasi juu yake na kuisugua kwa penseli ya risasi hadi namba itokee. Kamwe usitumie tupa, msasa wala mashine ya kusaga. Namba iliyokwaruzwa na mkono mwaminifu haitofautiani, machoni pa mkaguzi, na namba iliyokwaruzwa na mwizi. Na mtu atakayekuja kujitolea kuipiga upya kwa patasi, mwambieni aende zake.

Kisha tazameni kibao, kama kimesalia, maana chenyewe ni ushahidi. Kibao kinachoanza na herufi TZ ni cha usajili wa zamani. Baadaye pikipiki zilipewa namba za T kama magari, na sasa hupewa namba za MC. Kibao chenye SU maana yake ni Shirika la Umma, na chenye DFP ni cha mradi wa wafadhili. Ukikuta SU au DFP, tambua kwamba mwenye mali ya awali hakuwa chama chenu, hata kama pikipiki imelala chini ya paa lenu miaka 20. Pikipiki iliyotoka Mafia haina shida ya pekee, kwa kuwa Mafia ni Mkoa wa Pwani na usajili wake ni ule ule wa Bara. Iliyotoka Unguja au Pemba ina usajili wa Zanzibar, na kuitumia Bara kuna taratibu zake za forodha. Muulizeni ofisa wa forodha kabla ya kuahidiana bei na mwenyewe.

Namba zikishapatikana, ziandikwe katika daftari la mali siku ile ile. Barua ya chama, yenye muhuri na sahihi ya Mwenyekiti na Katibu, ipelekwe ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania kuuliza chombo hicho kimesajiliwa kwa jina la nani, na nyingine ipelekwe polisi, kitengo cha usalama barabarani, kuuliza kama hakitafutwi. Kuuliza hakuna aibu. Wanaokumbuka mwaka 2017, wakati wa mauaji ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga, ambapo pikipiki zilipigwa marufuku kutembea usiku, hawahitaji kuelezwa kwa nini pikipiki isiyojulikana mwenyewe hutazamwa kwa macho mawili katika wilaya zetu.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo, yaani umiliki. Majibu yatakayorudi kutoka ofisini huwa ya namna chache, na kila moja ina njia yake.

Njia nyepesi ni pale pikipiki iliposajiliwa kwa jina la chama chenyewe, ila kadi imepotea. Karatasi nyingi za vyama vyetu ziliharibika katika mafuriko ya Aprili 2024, na si kadi za pikipiki peke yake. Katika hali hiyo chama hutoa taarifa ya upotevu polisi, hupata hati yake, na kwa hati hiyo huomba nakala ya kadi kwa Mamlaka ya Mapato. Yafaa muhtasari wa kikao cha Bodi ulioidhinisha ombi uambatishwe.

Njia ya pili ni pale kadi inapokuwa na jina la mtu. Mara nyingi ni aliyekuwa Mwenyekiti au Katibu, aliyenunua kwa fedha za chama akaandikisha kwa jina lake "ili mambo yaende haraka", au mtu aliyekiuzia chama kwa maneno matupu. Kama yu hai, mtafuteni mwezi huu, msingoje msimu. Aandike na kutia sahihi mkataba wa mauziano au wa kukabidhi mali, mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kushuhudia, kisha umiliki uhamishwe. Kama amefariki, hakuna mtoto wala mjane anayeweza kutia sahihi kwa sababu tu ni wa nyumba ile. Anayetakiwa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Nimeona chama kikimlipa mtoto mkubwa wa marehemu, kisha wadogo zake wakaja na barua ya mahakama. Chama kililipa mara mbili.

Njia ya tatu ndiyo ngumu zaidi kwetu, na huwa haitazamiwi: pikipiki ni mali ya chama, lakini si chama hiki. Historia ya ushirika wetu ni ya kuvunjwa na kuundwa upya. Mwezi Mei 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi zao zikashikwa na mamlaka za mazao na vijiji. Sheria ya 1982 ikarudisha ushirika. Ikaja sheria ya 1991, kisha ya 2003, na tunayoifuata sasa ni Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013. Katika safari hiyo vyama kadha wa kadha vilifutwa, viliungana, viligawanyika au viliandikishwa upya kwa jina lingine. Chama kilichoandikishwa ni mtu kisheria. Kina mali yake, madeni yake na uwezo wa kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Kwa hiyo chama kipya hakirithi mali ya chama kilichokufa kwa sababu tu wanachama ni wale wale na ghala ni lile lile. Kama vyama viliungana, hati za muungano zilizoko kwa Mrajis ndizo zinazoonyesha mali imepita wapi. Kama chama cha zamani kilifilisiwa, shauri ni la mfilisi. Basi mwandikieni Mrajis Msaidizi wa Mkoa, mkitaja namba ya uandikishaji ya zamani na ya sasa. Jibu lake ndilo litakaloziba pengo kati ya majina mawili.

Njia ya nne ni ya pikipiki za miradi. Vyombo vingi vya miradi viliingia nchini kwa msamaha wa ushuru, na msamaha ule alipewa mradi, si chombo. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, mali iliyoingia kwa msamaha ikikabidhiwa kwa mtu asiyestahili msamaha huo, ushuru hudaiwa. Barua ya mradi isemayo "tunawazawadia" ni nzuri, na itunzwe, lakini haimalizi deni la forodha. Takeni hesabu ya ushuru kwa maandishi kabla ya kununua hata plagi.

Iko na ya tano, pale ambapo hakuna kadi, hakuna kibao, hakuna barua, na hakuna kumbukumbu ya forodha. Hapo simameni. Chombo kama hicho chaweza kuhesabiwa kuwa bidhaa isiyolipiwa ushuru, na chaweza kuzuiliwa. Forodha na polisi ndio watakaosema kama kinaweza kuhalalishwa. Mitaani kuna watu wanaouza kadi za pikipiki zilizokufa, ili kadi ya chombo kimoja ivikwe chombo kingine. Bei yao ni ndogo na maneno yao ni matamu, nao hawatakuwapo siku Mwenyekiti na Katibu wanapoitwa kueleza kwa nini namba za chuma hazilingani na za karatasi. Huo ni udanganyifu, na mahakamani hautatajwa kwa jina jingine.

Tukirudi kwa chama chetu cha ukingo wa delta, kwao ziligongana njia mbili kwa pamoja, ya tatu na ya nne. Utafutaji wa karatasi ulichukua miezi. Barua ya makabidhiano ya mradi ilipatikana mwishowe katika sanduku la bati la mjane wa Mwenyekiti wa zamani, chini ya kanga, pamoja na stakabadhi za salfa za miaka iliyopita. Mama huyo alikuwa ameitunza muda wote ule bila kuombwa, kwa kuwa marehemu alimwambia ni karatasi ya watu. Barua ilitaja chama cha zamani, kilichokwisha kuunganishwa na kingine kuunda hiki cha sasa. Mrajis Msaidizi akathibitisha muungano. Forodha ikatoa hesabu ya ushuru.

Ndipo Bodi ilipoweza kufanya hesabu ambayo ingefanywa tangu mwanzo: ushuru wa forodha, gharama za usajili, bima, na matengenezo yaliyobaki, dhidi ya bei ya pikipiki mpya. Kwa chombo kisicholipiwa ushuru, na kikuukuu kama kile, mimi nilishauri kiombewe kibali na kuuzwa kama chuma chakavu, na fedha zile zianzishe mfuko wa kununua kipya. Mkutano Mkuu ulinishinda. Wanachama walisema shilingi 650,000 zimekwisha kuzama ndani yake na jumla ya yaliyobaki haifiki nusu ya bei ya mpya. Hoja ya fedha iliyokwisha kuzama sikuipenda, na hadi leo siipendi. Fedha iliyokwisha kutoka hairudi kwa kuifuatisha nyingine. Hoja ya pili ilikuwa na uzito. Walilipa, pikipiki ikapata namba ya MC kwa jina la chama, na kila nikipita kule naiona ikifanya kazi. Huenda walikuwa sahihi kuliko mkaguzi wao.

Kuhusu taratibu za ofisini nitasema kwa ufupi. Maombi yote yafanywe kwa jina la chama na kwa namba ya mlipakodi ya chama, kamwe si kwa namba ya Katibu. Chukueni cheti cha uandikishaji wa chama, muhtasari wa Bodi, mkataba au barua ya makabidhiano, karatasi yenye chapa ya namba za chuma, na vitambulisho vya watia sahihi. Umiliki unapohama kuna kodi ya uhamisho, ushuru wa stempu na ada ya kadi. Viwango vyake hubadilika, basi viulizwe wakati ule ule. Malipo ya Serikali hufanywa benki au kwa simu kwa namba ya malipo mtakayopewa. Mtu yeyote anayetaka fedha mkononi "akusaidie foleni" hatatoa stakabadhi, nami siku ya ukaguzi nitaitaka stakabadhi. Makatibu wengine bado huweka fungu la leseni ya barabara ya kila mwaka katika makisio yao. Ada hiyo iliondolewa mwaka 2017 na kuingizwa katika bei ya mafuta; fungu hilo lifutwe.

Pikipiki isiyosajiliwa isiendeshwe kwenda kukaguliwa. Ipakiwe kwenye gari, au ikokotwe. Na kabla haijaonekana mbele ya mkaguzi wa magari wa polisi, fundi sasa aitwe, kwa zamu yake halali, atazame breki zote mbili, taa ya mbele na ya nyuma, taa za kuonyesha upande, honi, vioo, spoki na tairi.

Bima ya kuwakinga watu wengine ni ya lazima kisheria, nayo ndiyo ngao ya ghala lenu. Fikirini pikipiki ya chama isiyo na bima imemgonga mtoto katika barabara ya Bungu na Nyamisati. Atakayedaiwa fidia ni chama, na chama ni wakulima waliokileta korosho. Deni likitoka mahakamani, dalali hachagui. Atashika mizani, magunia, na hata jengo. Bima hununuliwa kwa jina lile lile lililo kwenye kadi. Mwendeshaji awe na leseni ya daraja la pikipiki, na yeye na abiria wake wavae kofia ngumu. Na chombo cha chama kisifanye bodaboda siku za Jumamosi. Kubeba abiria kwa malipo kunataka leseni ya usafirishaji ya peke yake, na bima ya kawaida haitalipa ajali ya safari ya namna hiyo. Nasema hivyo kwa kuwa nimeona.

Baada ya hapo mstari katika daftari la mali uandikwe upya: aina, namba ya usajili, namba ya chasisi, namba ya injini, tarehe iliyopatikana, ilikotoka, gharama yote iliyotumika, na thamani ya sasa. Kadi ya asili ikae katika kasha la chama, nakala ikae na mwendeshaji. Daftari la safari lifunguliwe, lioneshe tarehe, safari, aliyepanda na petroli iliyotiwa.

Bodi ijadili maswali yafuatayo katika kikao chake kijacho, na Katibu aandike majibu katika muhtasari. Je, chama chetu kina chombo chochote ambacho kadi yake haina jina la chama? Jina lililopo kwenye kadi ni la nani, na yu wapi leo? Chama chetu cha sasa kiliandikishwa mwaka gani, na kabla ya hapo mali iliyomo ghalani ilikuwa ya chama gani? Na ni nani katika kijiji chetu ambaye huenda anatunza karatasi zetu sandukuni bila sisi kujua?